Kalunguyeye wa bluu na betri sita

Mama zangu, na nyie baba wachache mnaosoma kimyakimya bila kulaiki, nawaona. Najua niliahidi chanjo ya surua wiki hii. Inakuja. Ila kuna mama kaniandikia inboksi na swali lake limenikalia kichwani siku ya tatu sasa. Mtoto wake ana miaka sita, ana selimundu, analazwa mara kwa mara. Akipewa simu acheze gemu anatulia, hata dripu anawekewa bila vita. Shangazi mtu anamwambia anamharibu mtoto. Ananiuliza, "Nesi, ni dhambi?"

Ningeweza kumjibu kwa mistari miwili. Lakini swali hili lina historia ndefu kuliko simu, na historia yenyewe imepita nyumbani kwetu. Leo mtanivumilia, tunaongelea gemu. Nesi na gemu wapi na wapi? Subirini.

SEHEMU YA 1

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka minane, kaka yangu kumi na mmoja. Tulikuwa tunakaa Tanga. Mjomba alikuwa anafanya kazi Muscat, na wenye ndugu Uarabuni mnajua boksi linavyosubiriwa. Hilo lilikuja na mablanketi, mafuta ya nywele, halua, na chini kabisa, kikiwa kimeviringishwa ndani ya fulana, kitu cheusi kizito chenye kioo katikati na vitufe pembeni. Kilikuwa kimeshatumika, kona moja imechubuka. Kimeandikwa Game Gear. Kaseti yake ilikuwa moja tu, na juu ya kaseti kuna mnyama wa bluu mwenye miiba, kavaa viatu vyekundu.

Bibi akasema, "Huyu si nungunungu huyu?" Kaka akamjibu, "Bibi, huyu anaitwa Sonic." Nimekuja kujua ukubwani kwamba bibi alikosea kidogo. Nungunungu ni yule mkubwa mwenye miiba mirefu ya kuchoma kweli. Sonic ni kalunguyeye, yule mdogo anayekula wadudu, anayetoka usiku, ukimshtua anajikunja anakuwa mpira. Kwetu wapo. Kama umekulia sehemu yenye bustani au shamba umeshamwona.

Zawadi ilikuwa ya kaka, kwa sababu kaka alikuwa mgonjwa. Na yeye ana selimundu. Kwa asiyejua: chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za duara na laini, zinabadilika umbo kama mundu, zinakuwa ngumu, zinakwama kwenye mishipa midogo. Sehemu isiyopata damu inauma. Si kuuma kwa "pole mwanangu", ni kuuma kwa mtoto kung'ata shuka.

Kile kitu kilikuwa kinakula betri ndogo sita kwa mpigo. Sita! Na baada ya saa tatu, ukibahatika zaidi kidogo, kioo kinafifia, kwisha habari. Waya wa kuchomeka ukutani haukuja nao. Mama alipoona hesabu hiyo akatoa sheria: Game Gear ni ya hospitali. Inakaa juu ya kabati, inashuka kaka akilazwa tu. Nyumbani mwiko.

Ikumbukeni hiyo sheria. Ndiyo iliyotuponza.

SEHEMU YA 2

Haya, kwa nini kitu cha kuchezea kile betri sita?

Turudi nyuma, mwaka 1989, Japani. Kampuni ya Nintendo, ambayo zamani ilikuwa inatengeneza karata, ilitoa kifaa cha gemu cha mkononi kinaitwa Game Boy. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Gunpei Yokoi, mtu aliyeajiriwa pale miaka ya 1960 kutunza mashine za kiwandani. Yokoi alikuwa na falsafa ambayo mama yeyote wa bajeti ataielewa: usikimbilie teknolojia mpya ya bei mbaya, chukua ya zamani iliyozoeleka na iliyoshuka bei, kisha itumie kwa akili. Kwa hiyo Game Boy haikuwa na rangi. Ilikuwa na kioo cha kijani kijani chenye vivuli vinne, hakina taa ndani, gizani huoni kitu. Lakini ilitumia betri nne tu na zilidumu saa kumi na kitu, mara nyingine hata zaidi.

Washindani wao, Sega, wakaona hapo ndipo pa kuwapigia. Oktoba 1990 wakatoa Game Gear: kioo cha rangi, taa nyuma ya kioo, unacheza hata umeme umekatika. Ile taa ilikuwa bomba dogo la mwanga, ndugu wa tyubulaiti tulizonazo wodini, na ndiyo iliyokuwa inafyonza betri. Matangazo yao Marekani yaliwacheka waziwazi watu wa Game Boy kwa kukosa rangi. Game Boy iliuzwa dola 89 na ushee kule, Game Gear dola 149 na ushee.

Nani alishinda? Game Boy, ukijumlisha na ile ya rangi iliyokuja 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear milioni 10 na kidogo. Watoto wa dunia nzima walichagua betri inayodumu. Au tuseme ukweli, waliochagua ni wazazi, maana mtoto hanunui betri.

Sasa huyo mnyama. Sega walikuwa wanatafuta sura ya kupambana na Mario, yule fundi bomba wa Nintendo mwenye sharubu. Wachoraji wakaleta michoro mingi. Kulikuwa na sungura anayeokota vitu kwa masikio, lakini kusimama kuokota kunapunguza kasi, wakati wao walitaka mbio. Wakataka mnyama anayeweza kujikunja akawa mpira na kumgonga adui bila kusimama. Mchoraji Naoto Ohshima alisimulia kwamba alichukua michoro yake hadi New York, akaenda kwenye bustani ya Central Park kuwaonyesha wapita njia. Kalunguyeye akapendwa kuliko wote. Mzee mwenye sharubu akawa wa pili, na huyo hakutupwa, akafanywa adui, yule daktari mnene anayewafungia wanyama ndani ya mashine. Rangi ya bluu ilitoka kwenye nembo ya Sega yenyewe. Gemu ya kwanza ilitoka Juni 1991, lakini kwa mashine kubwa ya kuunganisha na TV. Programu aliandika Yuji Naka, ramani za hatua akapanga Hirokazu Yasuhara.

Ile ya mkononi, iliyofika Tanga ndani ya fulana, haikutengenezwa na watu hao. Na hapa ndipo historia inapotuhusu sisi wenye watoto.

SEHEMU YA 3

Gemu ya mkononi ilitengenezwa na mama na watoto wake. Si utani.

Kulikuwa na kijana anaitwa Yuzo Koshiro, mtunzi wa muziki wa gemu, ndiyo kwanza anaingia miaka ya ishirini. Mama yake, Tomo Koshiro, alikuwa mpiga piano, na ndiye aliyemfundisha piano tangu akiwa na miaka mitatu. Mwaka 1990 walifungua kampuni ya familia, wakaiita Ancient. Mama ndiye mkurugenzi. Dada yake Yuzo, Ayano, ni mchoraji. Kazi ya kwanza kubwa waliyoipata ilikuwa hiyo: Sega wanataka kalunguyeye wao aingie kwenye mashine ndogo.

Kuingia si lele mama. Mashine kubwa ilikuwa na kichwa chenye nguvu, ile ndogo ilikuwa inatumia chipu ya Z80, ya miaka ya 1970. Kioo chake kina nukta 160 kwa 144, basi. Ukichukua gemu kubwa ukailazimisha humo inakuwa kama kumvalisha mtoto wa darasa la kwanza sare ya kidato cha nne. Wao hawakulazimisha. Walikata upya. Yale mazingira ya Sonic kuzunguka kichwa chini miguu juu waliyaondoa. Kwenye mashine kubwa Sonic akigongwa, pete zake zinatawanyika na unaweza kukimbilia kuokota baadhi. Kwenye ndogo zinapotea zote, hakuna cha kuokota. Kati ya sehemu sita za gemu, tatu waliziunda wenyewe: ya daraja, ya msituni na ya angani. Yuzo alichukua baadhi ya nyimbo za gemu kubwa akazipanga upya kwa sauti chache zilizokuwepo, nyingine akatunga mwenyewe. Ule wimbo wa darajani naujua mpaka leo, nikifunga dripu mikono inafanya kazi mdomo unaimba.

Msituni ndiko kaka alikokwama. Hatua ya pili ya msitu unapanda juu, maporomoko ya maji pembeni, na kioo kinapanda na wewe lakini hakishuki. Ukiteleza hata kidogo kwenda chini, hata kama sekunde moja iliyopita palikuwa na ardhi pale, umekufa. Kaka alikuwa anasema, "Hii gemu haina huruma, hairudi nyuma."

Na haikuwa na sehemu ya kutunza ulipofika. Betri zikizima, unaanza mwanzo, kwenye nyasi za kijani. Kwa hiyo kila alipolazwa alianza upya. Ni kama mashindano: atafika msituni kabla betri hazijaisha au kabla dawa haijamlaza? Wakati mwingine alivuka mpaka kwenye handaki la maji, ambako Sonic anakosa pumzi na lazima umeze mapovu ili usizame. Kaka aliyaita "oksijeni", kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa kawekewa mrija puani. Akiyapata mapovu anavuta pumzi na yeye.

SEHEMU YA 4

Sasa nivae sare yangu.

Hospitali zilishayaona haya kabla ya kaka yangu. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani, akiwemo William Redd, waliandika kuhusu watoto na vijana wenye saratani wanaopewa dawa kali za kuua chembe. Dawa hizo zinatapisha sana, wengine wanaanza kichefuchefu hata dawa haijaingia, wakiona chumba tu. Waliwapa gemu za video wakati wa matibabu: kichefuchefu kikapungua. Wakaziondoa: kikarudi. Wakazirudisha: kikapungua tena. Mimi napenda utafiti wa hivyo, hauhitaji mtu akufafanulie.

Mwaka 1991 likachapishwa jingine kwenye jarida la madaktari la Marekani. Mtoto wa miaka minane alikuwa na tabia ya kujichuna mdomo wa juu mpaka kidonda na kovu. Wameshampaka kitu kichungu vidoleni, wameshamwahidi zawadi ya chakula, wapi. Wakampa gemu ya mkononi ili mikono iwe na kazi. Wiki mbili kidonda kikapona.

Na 2006, hii ndiyo ninayoisimulia sana kwa wenzangu kazini, walichukua watoto 112 wa miaka minne hadi kumi na mbili wanaosubiri upasuaji. Wote walikuwa na mzazi pembeni. Kundi moja mzazi tu. La pili mzazi pamoja na dawa ya kutuliza. La tatu mzazi pamoja na gemu ya mkononi. Walipopelekwa kuwekewa barakoa ya usingizi, asilimia 63 ya watoto wa gemu hofu yao ilipungua au haikupanda. Kwenye kundi la dawa walikuwa asilimia 26, na kwenye kundi la mzazi tu asilimia 28.

Msinielewe vibaya. Hayo ni mambo ya hofu, si maumivu ya selimundu. Kichwa cha mtoto kina nafasi ndogo ya kusikiliza, na gemu nzuri ikiijaza, uoga na maumivu vinapata kona tu. Havijaondoka. Mtoto wa selimundu aliye kwenye maumivu anatakiwa kupewa dawa ya maumivu kwa wakati, maji ya kutosha, joto, na daktari amwone. Kumpa simu badala ya dawa ni ukatili, na nimeshakuta mtu akisema "mbona anacheza, huyu haumwi". Jamani! Anacheza kwa sababu anaumwa. Mtoto anaweza kuwa na maumivu makali na bado kidole gumba kinaenda.

Halafu wamama tusijifanye gemu ni ugonjwa wa watoto. Mwaka 1990 daktari mmoja wa Marekani aliandika kwenye jarida kubwa la tiba kuhusu mgonjwa aliyekuja na maumivu makali ya kidole gumba baada ya kucheza Nintendo saa tano mfululizo bila kupumzika. Mgonjwa alikuwa mwanamke wa miaka 35. Umri wangu huu.

Na kwa kuwa tumetaja betri, niseme kidogo: betri sita za Game Gear si rahisi mtoto kuzimeza. Zinazonitisha mimi ni zile bapa za duara kama kifungo, zipo kwenye midoli ya kuimba, rimoti, saa na kadi za sikukuu. Ikikwama kooni inaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Ukihisi kameza, usimtapishe, usisubiri aende haja, mkimbize hospitali.

SEHEMU YA 5

Nirudi kwenye sheria ya mama.

Game Gear juu ya kabati, inashuka akilazwa tu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja anafikia hitimisho gani? Siku moja kaka akalia mguu. Akalia vizuri kabisa, mama akambeba, betri zikanunuliwa, wakaenda hospitali. Asubuhi yake nesi, mzee wa kazi, akamtazama akicheza akacheka: "Huyu leo kaja kumwona kalunguyeye." Kaka mwenyewe akakiri. Mama hakumpiga, alinyamaza tu, na kunyamaza kwa mama yangu ni kubaya kuliko fimbo.

Haukupita mwezi. Usiku kaka akaanza kusema kifua kinamuuma. Mama akamwambia, "Lala, hamna gemu leo." Akasema tena. Mama akamgeuzia mgongo. Alfajiri alikuwa anahema kwa mbavu, midomo imebadilika rangi. Leo nikiwa nesi najua ile ilikuwa nini: selimundu ikishambulia kifua ni moja ya vitu vinavyowaua haraka hawa watoto. Alikaa wodini muda mrefu, siku za kwanza hakuweza hata kuishika ile Game Gear. Ilikuwa kwenye mto pembeni ya kichwa chake, imezimwa, betri sita mpya ndani.

Alipona. Ni baba wa watoto wawili, anatumia haidroksiyurea, anakwenda kliniki.

Mama hakuwahi kuniambia alivyojisikia. Nilichoona ni kwamba sheria ilibadilika. Jumamosi baada ya kufua, Game Gear inashuka kabatini hata kama mtu ni mzima kama kigongo. Na kuchezea ni mpaka betri zizime, zikizima ni mpaka Jumamosi ya pili. Tukawa tunapokezana, mimi nikifa anacheza yeye. Betri zilikuwa zinatoka kwenye nauli yake, alikuwa anarudi sokoni kwa miguu. Hilo kaniambia kaka mwaka juzi tu, mama mwenyewe hajawahi kulitaja. Baada ya hapo kaka hakusingizia tena. Akisema anaumwa, anaumwa, na mama anainuka.

Kwa hiyo mama uliyeniuliza. Si dhambi. Mpe simu akiwekewa dripu, mpe baada ya dawa ya maumivu, kaa pembeni yake maana wale watoto wote 112 walikuwa na mzazi. Ila usiifanye simu kuwa kitu cha kuumwa tu. Mpe kidogo na siku za uzima, muda unaojulikana, ili asihitaji kulia mguu. Na akilia, mwamini kwanza, hata kama jana alidanganya. Sisi tulikuwa na betri za kutuzimia. Simu yako haizimi, kwa hiyo wa kuzima ni wewe. Shangazi mwambie nimemsalimu.

Game Gear bado ipo. Desemba niliipeleka kwa fundi simu. Akaifungua, akanionyesha vile vipasita vidogo ndani vimevuja. Anasema hizi karibu zote zinaishia hivyo: sauti inakufa kwanza, halafu kioo kinafifia. Akabadilisha alivyopata. Kioo kimerudi, sauti bado. Tukaiwasha kwa mama, binti wa kaka, wa miaka saba, akaishika kwa mikono miwili maana ni nzito. Akapita nyasi za kijani, akapita daraja kimyakimya bila wimbo, nikamwimbia mimi. Msituni, hatua ya pili, akateleza. Akanigeukia, "Shangazi, mbona hairudi chini?"

Kaka akacheka mpaka akakaa. Mama alikuwa anachagua mchele mlangoni, hakuinua hata macho. "Na hizo betri nani kanunua?"

Surua ni Jumatatu, naahidi. Leteni na kadi za kliniki za watoto tuzisome pamoja.